Mtihani Uliopendeza Macho

Kisa hiki ni cha kutunga, ila makosa yaliyomo huweza kutokea pale ambapo watoto wasioona wanasoma pamoja na wanaoona.

Palikuwa na mwalimu wa Maarifa ya Jamii katika shule moja ya msingi upande wa Songwa, wilayani Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Darasani kwake alikuwamo msichana asiyeona, msomaji mzuri wa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Mtihani wa majaribio wa darasa la saba ulipokaribia, mwalimu akaandika maswali kwa mkono, akayapeleka steshenari. Mchapaji wa pale alikuwa mama mtu mzima, hodari, aliyejifunzia kazi kwenye taipureta. Akautengeneza mtihani ukapendeza: vichwa vya habari vyekundu, jedwali la migodi limenyooka, maswali matatu ya mwisho yamewekwa ndani ya kisanduku chenye urembo pembeni, na ramani ya Kanda ya Ziwa imepigwa picha kitabuni kwa simu ikabandikwa katikati. Mwalimu akashukuru. Faili likatiwa kwenye flashi, likapelekwa Shinyanga mjini kugeuzwa nukta nundu. Zilibaki siku mbili.

Programu ya kugeuza maandishi, mathalani Duxbury inayotumika nchi nyingi, haitazami ukurasa kama tunavyoutazama sisi. Inafuata herufi moja baada ya nyingine, pamoja na maelekezo yaliyofichwa ndani ya faili: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hili ni jedwali. Wino mwekundu hauielezi chochote. Maneno yaliyokuzwa na kukolezwa bila kupewa mtindo wa kichwa cha habari, kwake ni aya ya kawaida. Picha inarukwa. Kisanduku nacho mara nyingi kinarukwa, na maneno yake yote ndani.

Siku ya mtihani msichana akamaliza, akainua mkono.

“Shikamoo mwalimu. Wenzangu wanasema yapo maswali mengine ya mwisho. Yako wapi?”

“Marahaba mwanangu. Si hayo kwenye kisanduku?”

“Kisanduku gani, mwalimu?”

Hakikuwepo. Swali la ramani lilimwambia atazame ramani hapo juu, na hapo juu palikuwa na swali lililotangulia tu. Jedwali ndilo lililomtesa zaidi. Mchapaji alilinyoosha kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi, na kwa macho zilionekana safu tatu safi. Lakini mstari wa nukta nundu una nafasi ya alama 40 hivi, basi. Nafasi zilizorundikwa zikakunjwa, mistari ikakatika ovyo, na kidole kikakutana na mfululizo usio na mwanzo wala mwisho: Mgodi Madini Mwaka Mwadui Almasi l94O Geita Dhahabu 2000 Bulyanhulu Dhahabu 2001.

Na mwaka wa Mwadui? John Williamson aligundua almasi pale mwaka 1940. Taipureta nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha moja. Wachapaji walifundishwa kupiga herufi l ndogo, na wapo waliozoea kuweka O kubwa mahali pa sifuri. Mkono wa yule mama ulirudia mazoea hayo ulipoandika mwaka huo. Kwenye karatasi ya kawaida hakuna atakayeitambua tofauti. Kwenye nukta nundu, tarakimu huandikwa kwa herufi za a hadi j zilizotanguliwa na alama ya namba. Kidole cha msichana kikapita juu ya l, kikafika kwenye alama ya namba, kikasoma i na d, yaani 9 na 4, kisha kikakuta alama ya herufi kubwa na o. Akarudi nyuma, akasoma tena. Akajaza 94.

Hata ng'ombe waliharibika. Badala ya ritifaa, ambayo katika nukta nundu ni nukta moja tu, ile ya tatu, mchapaji alitumia kialama kilicho pembeni kabisa ya baobonye, kinachofanana nayo machoni. Usukumani, ambako majina yanayoanza na Ng'w yamejaa rejista, kosa hilo linajirudia ukurasa mzima.

Simlaumu mchapaji. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake itasomwa kwa vidole. Mwenye jukumu ni aliyeujua mtihani na aliyemjua mtoto, naye ni mwalimu.

La heri ni kwamba baada ya mtihani huo alikwenda mwenyewe mjini. Aliyempokea alikuwa mzee asiyeona, mwalimu mstaafu, anayehakiki nakala kabla hazijatoka.

“Mwalimu mwenzangu,” mzee akasema, “hii ililetwa jioni, ikatakiwa asubuhi. Sikupata hata nafasi ya kuigusa.”

Wakaketi wakalifungua faili. Vichwa vya habari vikapewa mitindo yake. Jedwali likaundwa kwa amri ya jedwali, kisha mzee akashauri lifutwe kabisa, kwa kuwa migodi mitatu inatosha kuandikwa kama orodha: mgodi, madini, mwaka. Maswali yakatolewa kisandukuni. Ramani ikaelezwa kwa sentensi nne, bila kutaja jibu. Kurasa mpya zikaanzishwa kwa amri yake, si kwa kubonyeza Enta mpaka karatasi iishe. Lugha nayo ikakaguliwa, maana programu ikiachwa kwenye mpangilio wa Kiingereza cha mkato, neno “andika” huanza na alama moja inayosimama badala ya herufi tatu, na mtoto aliyefundishwa kusoma Kiswahili herufi kwa herufi anakwama kwenye neno la kwanza la swali.

Kazi hii haimfai asiyeona peke yake. Shinyanga kuna shule ya Buhangija, iliyowapokea watoto wengi wenye ualbino baada ya mauaji yaliyotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na wanahitaji maandishi makubwa. Faili lenye mitindo sahihi hukuzwa lote kwa kubadili mtindo mmoja mmoja. Lile la nafasi na Enta likikuzwa husambaratika. Vyuo vya ualimu vinavyofundisha kompyuta visiache kuligusa jambo hili.

Mtihani uliofuata ulipelekwa mjini mapema. Mzee akausoma wote kwa vidole, akarudisha makosa mawili, yakasahihishwa.

Katikati ya mtihani msichana akainua mkono tena.

“Mwalimu, swali la 17 lina majibu mawili sahihi.”

Wenzake wakafunua karatasi zao. Ilikuwa kweli, na mwalimu akalifuta swali hilo kwa darasa zima.