Waliokwenda Kumhani Ayubu

Kitabu cha Ayubu, kilichomo katika Agano la Kale na chenye sura 42, husomwa aghalabu kama kisa cha subira, na watu wa pwani yetu, Waislamu kwa Wakristo, wamezoea kulitaja jina la nabii huyo kila wamwonapo mtu aliyezidiwa na maradhi naye halalamiki. Lakini kila nikirudiapo kukisoma naona kwamba subira hiyo imeshika sura mbili za mwanzo tu, na kwamba sura zaidi ya 30 zinazofuata ni mabishano makali ya watu waliokaa mahali pamoja, wameukabili msiba mmoja, na kila mmoja anautazama kwa jicho lake. Swali lililo baina yao ni kongwe: ikiwa Mola ni mwadilifu, mja mwema huteswa kwa nini?

Mtunzi amempa msomaji elimu ambayo hakuna hata mmoja wa wasemaji hao aliye nayo. Sisi tumekwisha onyeshwa baraza la mbinguni, ambamo Shetani aliutilia shaka uchaji wa Ayubu, akadai kuwa mtu huyo hamchi Mungu bure. Na kwa ajili ya shaka hiyo kondoo 7,000, ngamia 3,000 na watoto 10 wametoweka katika siku moja. Basi kila hoja tuisikiayo baadaye twaisikia tukijua kuwa haikufika penyewe. Ayubu mwenyewe, hata mwisho wa kitabu, haambiwi habari za baraza lile. Jambo hili hunitia hofu nikumbukapo maneno mengi ambayo nimepata kuyasema kando ya vitanda vya wagonjwa.

Masahibu watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walitoka kila mtu kwao, wakaja, wakararua mavazi yao, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo kutamka neno. Ajuaye maana ya kukaa matanga atakubali kwamba huko ndiko kuhani kwa kweli, na laiti wangalidumu hivyo. Walipofumbua vinywa, Elifazi alitegemea ndoto ya usiku, ambamo roho ilimpitia usoni hata nywele zikamsimama. Bildadi akategemea hekima ya wazee waliotangulia. Na Sofari, asiye na ndoto wala wazee, akategemea yakini yake mwenyewe. Hawakuwa waovu wala wajinga. Mengi katika waliyoyanena, kwamba Mungu hapotoshi hukumu na kwamba mwanadamu si msafi mbele zake, yangeweza kuhubiriwa leo msikitini au kanisani, na asiwepo wa kuyakanusha.

Tazama, hata hivyo, yaliyompata Elifazi. Katika hotuba yake ya kwanza ni mpole, amkumbusha rafiki yake jinsi alivyokuwa akiitia nguvu mikono iliyolegea. Kanuni yake ni moja: adhabu haiji pasipo dhambi. Adhabu ipo mbele ya macho yake, imeenea mwili mzima wa mwenzake, dhambi haionekani. Mtu mwenye insafu angaliishuku kanuni. Elifazi, kufikia sura ya 22, amemshuku rafiki, na kwa kuwa kosa halikupatikana amelibuni: wewe uliwavua maskini nguo zao, wewe ulimnyima maji mwenye kiu, wewe uliwafukuza wajane mikono mitupu. Hakuyaona hata moja katika hayo. Aliyahitaji tu ili dhana yake isimame. Sijui ukatili uupitao huu, wa kumsingizia aliyeumia ili imani yetu sisi tulio wazima ibaki imetulia.

Iko tofauti nyingine, nayo kwangu ndiyo kiini cha kitabu. Masahibu hunena habari za Mungu tangu mwanzo hata mwisho, wala hakuna mahali ambapo mmoja wao amegeuka akanena naye. Ayubu, katikati ya kuwajibu, humwacha msemaji mwenziwe na kumwelekea Mola: amshitaki, amwulize, amwombe amwache ameze mate. Maneno yake ni ya kuthubutu kupita kiasi, na mwenye adabu ya dini huona haya kuyarudia. Lakini ni maneno ya mtu asiyekubali kuondoka mlangoni. Kijana Elihu, aliyekuja baadaye na ghadhabu zake kwa sura sita, simkawilii hapa.

Mola alipojibu kutoka katika tufani hakulijibu swali. Aliuliza habari za mbuni, za punda-mwitu, za farasi wa vita, na za mvua inyeshayo nyikani mahali pasipokaa mtu. Kisha akamwambia Elifazi ya kuwa yeye na wenziwe hawakunena yaliyo sawa, kama alivyonena Ayubu; na waliomtetea Mungu wakawa ndio wahitaji wa kuombewa dua na yule waliyemtuhumu.

Amebaki mmoja. Aliyefiwa na watoto 10 siku ile hakuwa Ayubu peke yake, walakini mkewe amepewa sentensi moja tu, nayo ya uchungu, akakemewa, na kitabu hakitaji mtu aliyekwenda kumhani yeye. Wafasiri wa kale waliokigeuza kitabu hicho kwa Kiyunani yaonekana hawakuustahimili ufupi huo, wakamwongezea maneno: kwamba utungu wa uzazi wake umekwenda bure, na kwamba anatangatanga nyumba hata nyumba kama mtumishi, akingojea jua litue apate kupumzika. Huyo ndiye mke wamjuaye watu wetu, ambaye wanazuoni humwita Rahma, aliyemtumikia mumewe wakati watu wote walipomkimbia. Nao wasimulia, katika kuifasiri Sura ya Swad, kwamba Ayubu aliapa katika maradhi yake kumpiga mkewe, na alipopona Mola akamwamuru ashike kicha cha majani mkononi ampige nacho, ili kiapo kisivunjwe wala mwili wa mwanamke yule usiumie.