Mali na Roho katika Mashindano ya Motokaa

Mali ina uwezo mwingi, lakini uwezo wake una mpaka. Hununua chuma, huunda mitambo, hukodi ufundi. Haiwezi kuirudisha pumzi iliyokwisha kutoka. Mpaka huu husahauliwa upesi na tajiri atiaye fedha yake katika mchezo wa hatari ambao mchezaji wake ni mtu mwingine.

Tony Vandervell alikuwa Mwingereza aliyetajirika kwa kutengeneza beringi za injini. Alichukizwa kuona motokaa za Italia zikitangulia, na za nchi yake zikifuata nyuma. Kwanza alinunua magari ya Ferrari akayarekebisha. Halafu aliunda yake mwenyewe, akayaita Vanwall. Mwaka 1957, huko Aintree, Tony Brooks na Stirling Moss walipokezana gari moja la Vanwall wakashinda mashindano makuu ya Uingereza. Mwaka 1958 Vanwall ilishinda mara sita, ikapata kombe la waundaji wa magari, lililotolewa mwaka ule kwa mara ya kwanza.

Lakini ushindi wa sita ulikuja pamoja na msiba. Tarehe 19 Oktoba 1958, huko Casablanca, Moroko, Moss aliwashinda wote. Na katika mashindano hayo hayo injini ya mwenzake, Stuart Lewis-Evans, ilikwama ghafula, gari likaacha njia likawaka moto. Baada ya siku sita kijana huyo wa miaka 28 alifariki dunia.

Je, tajiri alikuwa na lawama? Mtetezi atasema kuwa hakumlazimisha mtu. Dereva aliijua hatari, na kazi aliipenda. Neno hili ni kweli, lakini si kweli yote. Hiari ya mtendaji humwondolea mlipaji dhambi ya kulazimisha, haimwondolei deni. Hasara ya fedha huweza kufidiwa mwaka ujao. Hasara ya roho haina mwaka ujao. Kwa hiyo mwenye gari na mwendeshaji, wajapoitwa washirika, hawakuweka rehani iliyo sawa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vandervell alipata kukilalia ujanani, aliposhindana mwenyewe kwa pikipiki na motokaa. Yamkini ndiyo sababu uchungu ulimwingia.

Januari 1959 alitangaza kujitoa. Madaktari walikuwa wamemshauri apumzike, na kifo cha kijana kilimlemea moyoni. Kujitoa kwake hakukumfufua mtu, wala hakukufuta deni. Hata hivyo, aliondoka kombe lingali mkononi, saa ambayo tamaa humwambia mshindi kuwa ndiyo kwanza anaanza.

Kila atiaye mali katika hatari ya mwenziwe imempasa kuwa na madaftari mawili: moja la fedha, na moja la roho za watu. La kwanza hukaguliwa na karani. La pili hukaguliwa na dhamiri, wala halifungwi mwisho wa mwaka.