Atakayebaki na Seva

Tuseme wanafunzi wa Kampala wameitengenezea zahanati programu ya kutunza orodha ya wagonjwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Orodha ikae wapi: kwenye seva ya kukodi ng'ambo, au kwenye kompyuta ya zahanati yenyewe kwa programu huria?

Moyo huelekea nyumbani. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa takriban siku 5. Orodha ya ng'ambo isingefikika. Ya chumba cha pili ingefunguka kwa mtandao wa ndani ya jengo. Tena sheria ya 2019 ya ulinzi wa data inamtaka anayehifadhi taarifa za mtu nje ya nchi ahakikishe zinalindwa huko kama hapa, au mwenyewe awe ameridhia.

Lakini programu huria, ingawa hailipiwi leseni, ina kazi. Nani ataisasisha kasoro za usalama zikitangazwa? Nani atatunza nakala, na kujaribu kama zinafunguka? (Wengi hawajaribu.) Wizara ya Afya inatumia DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, lakini wizara ina waajiriwa. Wanafunzi wana mahafali. Wakiondoka, mzigo unamwangukia muuguzi ambaye hakuulizwa.

Kama hakuna atakayebaki, naona uaminifu ni kukodi, daftari la karatasi libaki kabatini kwa siku za intaneti kuzimwa, na mgonjwa aelezwe jina lake litahifadhiwa wapi kabla halijaandikwa, wakati bado anaweza kukataa.