Daftari lisilofutika haliondoi dhulma ya mizani

Kijana mmoja anayenunua alizeti hapa Singida Mjini aliniuliza: “Ustadhi, kama kompyuta inatunza hesabu isiyofutika, mashahidi wa nini tena?”

Anakusudia blokicheni. Ni daftari ambalo nakala zake hushikwa na wahusika wengi, na kila ukurasa umefungamanishwa na uliotangulia. Ukichezewa mmoja, hujulikana. Makampuni makubwa hulikodisha kwa wafanyabiashara kupitia intaneti. Mwaka 2018 nchini Kenya, IBM na Twiga Foods walilijaribu kwa mikopo midogo ya wenye vibanda vya chakula, wastani wa kama dola 30.

Uislamu haupingi kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’an (2:282) inaamrisha deni liandikwe. Lakini tazama masharti yake: mwandishi awe mwadilifu, anayedaiwa ndiye atamke, asiyeweza, walii wake amtamkie, na mashahidi wawepo. Kalamu peke yake haikutosha.

Sasa chukua lumbesa. Mkulima analeta gunia lililofurika, linaandikwa “gunia moja”. Daftari hilo litatunza “gunia moja”, na nakala zote zitashuhudia! Zamani angeweza kudai kuwa karani amekosea. Leo ataambiwa kompyuta haikosei. Marekebisho huandikwa upya wahusika wa daftari wakikubali, naye si mmoja wao. Kadhalika, mkataba wa riba ukiandikwa humo unabaki kuwa riba.

Tena, huko “kutofutika” kuna mwenye nyumba. Microsoft ilifunga huduma yake ya kukodisha blokicheni Septemba 2021. IBM na Maersk walitangaza Novemba 2022 kuifunga TradeLens, daftari lao la mizigo ya meli. Mpangaji hana budi kujua atahamia wapi.

Je, tuikatae teknolojia hii? Hapana. Inazuia karani kugeuza hesabu usiku, na hilo ni jema. Ila haiwezi kuona kilichotokea kabla ya kuandikwa. Hapo ndipo penye amana, ambayo aya inayofuata (2:283) inaifungamanisha na kumcha Allah.

Basi nilimjibu kijana: pima kwa kilo mbele ya mkulima, msomee unachoandika kwa lugha anayoielewa, mpe nakala, na shahidi wake awepo. Ukishindwa hayo, daftari lako litakuwa ushahidi dhidi yako. Suratul Mutaffifiin haikubagua mizani ya mawe na ya kompyuta.

Wallahu a’alam.