Huruma ya Mwalimu wa Marubani

Je, mwalimu akimpitisha mwanafunzi asiyefaa kwa kuwa amemhurumia, amemtendea wema? Na tuzitazame habari za Tuskegee, katika Alabama, nchi ya Marekani. Mwaka 1941 jeshi lilianza kuwafundisha vijana weusi urubani, na wakuu wengi wa jeshi hawakusadiki kwamba wataweza. Walimu wao wa kwanza walikuwa weusi pia, mkubwa wao Charles Anderson. Kisha walipokewa na maofisa weupe. Basi fikirini shida ya walimu wale: kila kijana waliyemkataa aliwapa wenye dharau neno la kusema, lakini waliyempitisha kwa upendeleo angeweza kufa angani, na kumponza mwenziwe. Wanafunzi wa kundi la kwanza walikuwa 13. Mwezi wa Machi 1942 wakahitimu 5 tu. Tena kupima ni kazi ngumu, maana mkono wa kijana hutetemeka kwa kumwogopa mwalimu aliye naye katika eropleni, wala si kwa kutojua. Sisi twaona kwamba mwalimu aliyekataa hakukosa upendo. Lakini aliyekataa upesi mno, atajuaje?