Ishara za Mwanamke na Jicho la Mwenye Kutazama

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi wa kunena na viungo vya kuashiria. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baada ya hayo.

Si maneno yote yatokayo kinywani. Mtu huinamisha macho ikajulikana kuwa ana haya. Huharakisha mwendo ikajulikana kuwa ana shughuli. Hunyamaza, na kimya chake kikawa ni jawabu. Na wanawake wa pwani wana ustadi mkubwa katika lugha hii, kwa kuwa wamelelewa tangu udogoni ya kwamba sauti ya juu si adabu, na ya kwamba jambo zito hupitishwa kwa upole: kwa jina la leso, kwa kujitanda upya, kwa kuweka kikombe cha kahawa pasipo neno. Hilo si aibu wala si hila. Ni desturi ya watu wenye staha. Suali ni hili: ni nani mwenye haki ya kuzifasiri ishara hizo, na ni wapi, na kwa kusudi gani?

Na itazamwe kwanza hali ya barazani. Alasiri imekwisha saliwa, wanaume wamekaa na kahawa yao, na mwanamke apita na buibui lake. Akilishika akajifunika zaidi, husemwa, “Ajitia haya ili atazamwe.” Asipolishika, husemwa, “Hana haya.” Akienda mbio, ana miadi, akienda polepole, ajionyesha. Akiamkia, ni mwepesi. Akipita kimya, ana kiburi. Mwenye akili na azingatie: mwanamke ni mmoja, njia ni moja, na kila alifanyalo limekuwa kosa. Haiwi mambo yanayopingana yawe yote ni dalili ya jambo moja. Basi maana ile haikutoka katika mwendo wake, bali imetoka katika nyoyo za waliokaa. Yeye huenda alikuwa akienda kumzuru mgonjwa, na upepo wa kusi ukalipeperusha vazi lake.

Na maneno hayo hayalali barazani. Hutembea mpaka sokoni, yakafika kwa waliokuwa wakitaka kuposa, posa ikavunjika. Au yakafika kwa mume mwenye hasira nyepesi, talaka ikatoka. Mwanamke hajui alihukumiwa lini, wala kwa ushahidi gani, wala kadhi wake alikuwa nani.

Sheria imekwisha lisemea jambo hili. Katika Sura ya Nuri, aya ya 30, Mwenyezi Mungu awaamuru waumini wanaume wainamishe macho yao. Na amri kama hiyo kwa wanawake yaja baada yake, katika aya ya 31. Mpango huu si wa bure. Mwenye kukaa njiani akamhesabia mwanamke hatua zake, yeye amekwisha ivunja amri yake kabla hajajua kama mwanamke ameivunja yake. Na katika sura iyo hiyo, aya ya 4, mwenye kumtuhumu zina mwanamke mwenye kujihifadhi, kisha asilete mashahidi wanne, adhabu yake ni mijeledi 80, na ushahidi wake haupokelewi. Ikiwa mashahidi watatu hawakutosha, ncha ya buibui itatoshaje? Na akisema mtu, “Sisi hatukutaja zina,” na aisome Sura ya Hujurati, aya ya 12, aone ya kuwa dhana mbaya, na upelelezi, na kusengenya vimekatazwa pamoja; na baraza ile imevikusanya vyote vitatu.

Katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, uliowafikiana na mwaka wa 632, mwanamke wa kabila la Khath‘am alimjia Mtume kumwuliza khabari ya kumhijia baba yake aliyekuwa mzee. Al-Fadhl bin Abbas, naye ni kijana, alikuwa amepakiwa nyuma ya Mtume, akawa amtazama mwanamke yule na mwanamke amtazama yeye. Mtume aliugeuza uso wa al-Fadhl upande wa pili, na suali la mwanamke akalijibu. Hakumfukuza, wala hakumkatiza maneno yake. Khabari hii ni maarufu, imo katika Sahihi ya Bukhari; na mafunzo yake ni mepesi kuyafahamu, mazito kuyatenda.

Huenda akasema msemaji: “Je, Kurani haikuwafundisha wanawake adabu ya mwendo na ya usemi?” Naam, imewafundisha. Katika Sura ya Nuri wamekatazwa kupiga miguu chini ili yajulikane mapambo yaliyofichika. Na katika Sura ya Ahzabu, aya ya 32, wake za Mtume wamekatazwa kulegeza sauti, asije akaingiwa na tamaa mtu mwenye maradhi moyoni. Lakini na itazamwe maradhi yametajwa kuwa wapi: yametajwa kuwa katika moyo wa mwenye kusikia. Tena adabu ya mwendo na sauti haikuachiwa wanawake peke yao. Lukmani alipousia juu ya kwenda kwa kadiri na kushusha sauti na kutowageuzia watu shavu kwa kiburi, aliyemuusia ni mwanawe mwanamume. Na wanawake wa pwani hawakukosa wa kuwafunza: Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka wa 1858, mama akimfunza mwanawe kwa mapenzi. Mafunzo ya namna hiyo huponya. Maneno ya barazani hayajamfunza mtu adabu hata siku moja.

Atakaye kuona mwanamume mwema aisomavyo hali ya mwanamke, na aisome khabari ya Nabii Musa katika Sura ya Kasasi, tangu aya ya 23 hadi ya 26. Alifika kisimani Madiani, akawakuta wanawake wawili wamejitenga na watu, wawazuia wanyama wao. Musa aliona ishara, lakini hakuifasiri kwa dhana; aliwauliza wana jambo gani. Walipomjibu ya kuwa wangoja wachunga waondoke, na ya kuwa baba yao ni mzee sana, aliwanyweshea wanyama wao, kisha akaenda zake kivulini. Hakungoja shukrani wala hakuuliza nyumba yao. Baadaye mmoja wao akamjia, akitembea kwa haya, akampa ujumbe wa baba yake. Na mmoja wao ndiye aliyemshauri baba amwajiri, kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Basi haya haikumzuia mwanamke kunena lililo haki, na unenaji wake haukumwondolea haya.

Sasa na itazamwe hali ya nyumbani, kwa maana huko ndiko kwenye msiba ulio mkubwa zaidi. Mwanamume yule yule aliyesoma kitabu kizima katika mkunjo wa buibui la mpita njia, aingiapo kwake huwa kama kipofu. Mkewe amekuwa akinyamaza siku tatu, naye hajui. Binti yake ameacha kula tangu posa ilipoletwa, naye asema, “Amenyamaza, amekubali.” Ajabu ya mtu huyu! Asipokuwa na haki ya kutazama, macho yake ni makali. Yanapompasa kutazama, hana macho.

Mtume hakuwa hivyo. Alimwambia Bibi Aisha ya kuwa humjua anapokuwa radhi naye na anapokuwa na hasira: akiwa radhi huapa kwa Mola wa Muhammad, na akiwa na hasira huapa kwa Mola wa Ibrahimu. Bibi Aisha akakiri, akasema ya kuwa hakiachi ila jina lake tu. Mume huyo aliisikia tofauti ya neno moja katika kiapo cha mkewe. Huko ndiko kufasiri ishara kulikohalalishwa, tena ni katika wema.

Na juu ya binti, hukumu ya kimya ina asili yake. Mtume alipoamuru mwanamwali aombwe idhini, Bibi Aisha alisema ya kuwa mwanamwali huona haya. Akajibiwa ya kuwa idhini yake ni kunyamaza kwake. Basi kimya kilikubaliwa kwa kumhurumia mwenye haya asiyeweza kutamka “naam”, wala hakikufanywa mlango wa kumpitishia asilolitaka. Dalili yake ni ya kuwa binti yatima akikataa hakuna kumlazimisha. Na Khansa binti Khidham, aliyekuwa amekwisha olewa mbele, alipoozwa na baba yake pasipo ridhaa akaenda kushitaki, Mtume aliirudisha ndoa ile.

Na mafakihi wa madhehebu ya Shafi walilipima jambo hili kwa mizani nyembamba. Walisema ya kuwa chozi la kimya peke yake haliondoi idhini, kwani laweza kuwa la haya. Lakini kilio cha ukelele na kujipiga shavu si ridhaa. Wala hawakuishia hapo. Walisema ya kuwa ni sunna wapelekwe kwa binti wanawake waaminifu wayatazame yaliyomo moyoni mwake, na mama ndiye aliye bora kwa kazi hiyo, kwa kuwa yeye huyaona wasiyoyaona wengine. Wanazuoni hao, pamoja na elimu yao, walikiri ya kuwa kuna lugha ambayo mwanamume huenda asiifahamu, wakamwelekeza kwa mwenye kuifahamu. Baba asiyemwuliza hata mama wa binti yake, elimu yake imewapita hao kwa kitu gani?

Kwa hivyo jambo hili lina mipaka mitatu. Mwanamke asiyekuhusu, ishara zake si barua yako, usizifungue. Mwanamke aliye chini ya amana yako, ishara zake ni haki juu yako; jifunze kuzisoma, na ukishuku, uliza kwa upole. Na mwanamke aliyekwisha sema kwa ulimi wake “sitaki”, huyo hana ishara tena ya kufasiriwa. Kudai ya kuwa “sitaki” yake ni “nataka” ni kumzulia uwongo naye yu hai, asimama mbele yako.

Siku ya Kiyama macho yataulizwa, na masikio, na moyo. Mwenye baraza na aiandalie jawabu baraza yake, na mwenye binti na amwandalie jawabu binti yake, kabla ya siku ambayo ndimi zitafungwa, na mikono na miguu ikanena.

Mwenyezi Mungu awaongoe Waislamu, ayainamishe macho yao palipo haramu, na ayafungue palipo wajibu. Amin.