Mwili ni amana, lakini chungu ni cha nyumba nzima

NDUGU zangu katika imani, kuanzia Bunju, Mapinga na Kiromo hadi Bagamoyo mjini, ukitoka msikitini baada ya swala ya alfajiri utawakuta watu wakikimbia kandokando ya barabara. Wengine wana vikundi vya joging, wengine wamejiandikisha jimu. Na wengi wao wana karatasi ya mpango wa chakula: Jumatatu mayai na mchicha, Jumanne samaki wa kuchemsha, wali hapana, soda hapana.

Hili si jambo la kubezwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliofanywa kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulionesha kuwa takriban 9 katika kila 100 wana kisukari, na takriban robo wana shinikizo la damu. Haya hayakuwa maradhi ya Masaki na Oysterbay tu. Nenda katika msikiti wowote wa mwambao uhesabu viti vilivyowekwa kwa wanaoswali wamekaa. Si wote walioketi kwa sababu ya uzee.

Swali ni hili: Muislamu anayepanga mlo wake wa wiki nzima ili abadili mwili wake, anafanya ibada au anauabudu mwili?

Wapo wanaosema huo ni uzungu, kwamba mtu hula alichoruzukiwa na kumshukuru Mola wake. Hoja hii haisimami. Katika Suratul A'raf aya ya 31, Allah (s.w.) ameturuhusu kula na kunywa, na papo hapo akatukataza kufanya israfu. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ameligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Huo ni mpango, tena wenye vipimo. Daku ina wakati wake, futari ina wakati wake, na funga za sunna za Jumatatu na Alhamisi zina siku zake. Dini inayopanga hata saa ya kula haiwezi kuambiwa kuwa haijui kupanga chakula.

Wapo wa upande wa pili. Hawa kila wiki hujipiga picha mbele ya kioo na kuzirusha mitandaoni ili wasifiwe. Hapa tujihadhari, kwani amali huhesabiwa kwa nia. Sahani ile ile ya kunde na matembele inaweza kumwandikia mmoja thawabu, kwa kuwa anataka nguvu za kurukuu, kusujudu na kulea wanawe, na mwenzake ikamwandikia riya. Kunde hazina kosa.

Lakini kiini cha mambo, kwa maoni yangu, kipo pengine. Tazama nyumba nyingi za mpango huu zinavyokwenda. Baba anataka kupunguza tumbo. Mama anaamriwa kupika mara mbili: samaki wa kuchemsha na mboga kwa ajili ya baba, na sembe, chipsi na chai yenye sukari tele kwa ajili ya watoto. Fedha ya samaki mzuri inakwenda kwenye sahani moja. Baada ya miezi sita baba amekuwa mwembamba, anasifiwa kazini, na mama aliyesimama jikoni muda wote huo presha yake imepanda. Je, hii ndiyo amana tunayoizungumzia?

Katika Suratut Tahrim aya ya 6 waumini wameamrishwa kujikinga na Moto wao na ahli zao. Aya inazungumzia Moto wa Akhera, si sukari. Lakini inatufunza adabu: nafsi na ahli zimetajwa pamoja. Mwenye kujiokoa peke yake ndani ya nyumba yake amefanya nusu ya kazi.

Basi kinachotakiwa kubadilika ni chungu. Atakayesema hana uwezo, atazame kilichopo mwambao. Dona ina pumba na kiini ambavyo sembe imevipoteza. Kunde na choroko zikilowekwa usiku hupikika kwa mkaa mchache. Dagaa, matembele, kisamvu, na mananasi ya Kiwangwa si vyakula vya matajiri. Wali wa nazi hauna haja ya kufukuzwa nyumbani. Upunguzwe kipimo, na tui liwe jepesi. Fedha ya soda ya kila siku hununua mboga. Na baba aende sokoni mwenyewe, akae na mama wapange wiki yao. Kupanga si kutoa amri ukiwa sebuleni.

Na shughulini je? Bagamoyo ni mji wa Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, na maulidi yake hukusanya watu wengi mpaka leo. Watu hula sinia moja, na kula pamoja kuna baraka. Mwenye mpango asije na kikopo chake kuwaaibisha wenyeji. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (s.a.w.) hakukitia chakula ila kamwe: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Basi ale tonge chache, ashukuru, anawe. Na mwenyeji naye asiape kuwa mgeni hatoki mpaka amalize. Mapenzi hayapimwi kwa mafuta ya pilau.

Tumefundishwa kuwa Siku ya Kiyama mja ataulizwa mwili wake aliuchakaza katika nini. Mwenye familia ajiandae kwa swali lingine pia: wale aliowalisha, aliwalisha nini wakati yeye akijichagulia?

Wallahu a'lam.